Aliyehesabu Nyuma ya Misa

Sogeeni, sogeeni hapa karibu. Mwenye kicheko akimalize sasa, na hiyo simu ilazeni kifudifudi. Jambo hili husimuliwa kwa sauti ya chini, tena mchana, kwa sababu lilitokea mchana.

Kule Mumbuni, mjini Machakos, kulikuwa na fundi wa televisheni aitwaye Urbanus. Jumapili moja saa nne asubuhi, misa ikionyeshwa moja kwa moja, picha iliganda. Padri akabaki mdomo wazi. Kwaya iliendelea kusikika, na nyuma ya kwaya mtu alikuwa akihesabu polepole kwa Kikamba: ĩmwe, ilĩ, itatũ. Kisha padri akafunga mdomo, akaendelea na misa.

"Umesikia?" Urbanus akamwuliza mkewe.

"Nimesikia TV ya fundi ikikwama," Nzilani akajibu, akimsuka mtoto. "Ati watu wanakuletea zao."

Misa hiyo ilipitia kikompyuta kidogo cha kuenea kiganjani, kibao kimoja tu cha saketi, kinacholeta intaneti kwenye TV. Urbanus alikuwa amekifunga kwanza kwenye TV ya mama yake kule Kathiani, maana magoti ya mama yalikuwa yamekataa kupanda mlima kwenda kanisani. Sasa mama alikuwa na miezi mitatu kaburini. Watu walisema alianguka kwa kizunguzungu cha uzee. Urbanus hakubishana nao.

Jumapili iliyofuata hesabu ilifika nne. Fundi ni fundi: akabadilisha waya wa intaneti, akafuta kadi ya kumbukumbu na kuiandika upya, akapunguza ukali wa picha, akaweka na feni ndogo kibao kisichemke. Ikafika tano. Ikafika sita. Na kila mara, pembeni mwa kioo, ilitokea alama ndogo ya radi, ile inayosema umeme hautoshi. Akapima umeme kwa mita. Ulikuwa umetimia.

Alama hiyo aliijua. Siku chache kabla mama hajafa, mteja mmoja alikuwa amemharakisha, naye akapanda Kathiani, akachomoa chaja nzuri ya mama akampa mteja, akamwachia mama chaja kuukuu ya simu. Itatosha, akajiambia. Jumapili yake mama akapiga simu akicheka: "Mwanangu, Padri ameganda tena, kama mtu anangoja kulishwa ugali. Si uje uniangalizie?"

"Niko na kazi, mama. Chomoa kwa ukuta, hesabu mpaka kumi, urudishe."

Soketi ilikuwa juu, nyuma ya kabati. Mama akapanda kigoda. Urbanus akamsikia kwa simu akihesabu: ĩmwe, ilĩ, itatũ. Kisha kishindo.

Alipofika, kabla ya kumwita mtu yeyote, aliichomoa ile chaja mbovu akaitia mfukoni, akaweka nzuri aliyokuja nayo.

Jumapili ya tano Nzilani alitoka jikoni akapiga yowe. Mtoto wao wa miaka mitatu, Syombua, aliyepewa jina la bibi yake na ambaye baba yake humwita mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wanavyofanya, alikuwa amesimama juu ya kiti, kiganja ukutani chini ya soketi, akihesabu pamoja na ile sauti. Ilipofika saba ikanyamaza, naye akaanza kulia. Chumba kilinuka vumbi linaloungua, na ndani yake mafuta ya kuchua magoti.

"Huyu hajui kuhesabu hata kwa Kiswahili," Nzilani akanong'ona. "Nani amemfundisha? Baba Syombua, sema!"

Urbanus akamshusha mtoto kitini.

Jumapili ya sita alichomoa kila waya, akakifungia kibao ndani ya sufuria nje uani, na saa nne ilipogonga kioo cha TV kisicho na umeme kikawaka kwa misa, padri mdomo wazi, na mtoto akakiburuta mwenyewe kile kiti mpaka ukutani, na vidole vyake vikaigusa soketi kwenye nane. Ya saba walikimbilia kwa jirani asiye na TV kabisa, na huko huko, mapajani mwa mama yake, mtoto akafumba macho akahesabu mpaka tisa, na vidole vyake vikawa vinapapasa hewani, vikitafuta tundu.

Nzilani hakungoja tena. Akamleta mganga Kavindu, bibi mfupi mwenye kibuyu.

"Huyu anayehesabu si mama yako," Kavindu akasema. "Mama yako amelala. Hili ni jini. Limekuta neno umelificha, likaingia humo likajenga. Likifika kumi linaondoka na mtoto. Nani alistahili kuambiwa neno hilo?"

"Ndunge. Dada yangu."

"Basi mwite."

Jumapili ya nane Ndunge alikuja, akaketi na mkoba wake mapajani. Kavindu akamtemea mtoto mate kidogo kifuani, baraka ya wazee, lakini saa nne ilipofika mtoto aliponyoka mikononi mwa watu wazima watatu kama aliyepakwa mafuta, na hesabu ikaanza.

"Ndunge," Urbanus akasema, "mama alianguka akizima TV."

"Hiyo ni robo," Kavindu akasema. "Harakisha!"

Itaano, tano. Thanthatũ, sita.

"Ni mimi nilimwambia apande. Nilimnyang'anya chaja nzuri nikamwachia mbovu, ndiyo maana ilikuwa inakwama."

Nyaanya, nane. Kenda, tisa. Kidole cha mtoto kilikuwa tayari kwenye tundu la soketi, na soketi ilikuwa ikilia kama nyuki, na Urbanus, aliyeapa hata usingizini kwamba hilo halitatoka kinywani mwake mpaka afe, akalia kwa sauti ambayo majirani walidhani ni ya ng'ombe: "Nilipobadilisha chaja alikuwa bado anapumua! Alinitazama nikibadilisha! Nilianza na chaja, Ndunge, nilianza na chaja!"

Kioo kikazimika. Mtoto akaanguka mikononi mwa mama yake, akaomba uji.

Ndunge akafunga zipu ya mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Baada ya hayo urithi ukagawanywa. Ndunge alipata nyumba ya Kathiani na michungwa. Nzilani alipata ngoi ya kubebea mtoto na masufuria ya sherehe. Syombua mdogo alipata mbuzi wawili. Urbanus hakuomba kitu, na Ndunge, asiyemsemesha mpaka leo, alituma neno kupitia kwa Nzilani: mwambie mumeo yeye amerithi kaburi la mama, akalipalilie. Kila Jumamosi Urbanus hupanda Kathiani na jembe lake, akapalilia akizungumza, akiomba msamaha. Ndunge humsikia kutoka jikoni. Mara nyingi husikia sauti moja tu; si mara zote.