Kituo cha Sita Kilipoitika

Siku ya nne baada ya tetemeko, Zerwal alikuwa darasani kule Tizgui, redio juu ya dawati, betri ya gari miguuni, waya wa antena umetundikwa kwenye mti wa lozi nje. Simu zote za milimani zilikuwa zimekatika. Mkewe alizoea kusema kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni nyaya. Leo nyaya ndizo zilizokuwa zikiwaita madaktari.

Adhuhuri aliita vituo vyake vitano vya redio, kimoja kimoja, vyote vikaitika. Cha tano kilikuwa gari la bintiye Tudert, aliyekuwa akimkimbiza mama mjamzito anayevuja damu kwenye hema la hospitali. Kisha akauliza, kama ilivyo ada, "Kuna kituo kingine?"

"Kipo." Sauti ikataja alama yake ya mwito, jina la kituo hewani.

"Karibu, Bassou, nimekuandika."

Mdomo ulitangulia akili. Miaka ishirini alikuwa akimjibu hivyohivyo.

Bassou walimzika mwezi wa Shaabani. Na wanaredio wa kule wana mwiko: alama ya marehemu haiitikiwi, kwani kituo kikishaandikwa daftarini kinabaki hewani mpaka kiruhusiwe kuondoka.

Muuguzi Itto, aliyekaa naye darasani, aliweka chini glasi yake ya chai. "Umemkaribisha, kaka."

"Nimesikia nilichosema, Itto."

Redio ikakoroma. "Asante, Zerwal. Huku kuna baridi. Nimepanda gari la mtoto wako."

Akaita gari.

"Tudert, mko wangapi?"

"Wanne, baba."

"Mliondoka watatu. Wewe, mgonjwa, mkunga."

"Mgonjwa na mkunga wako nyuma." Sasa alikuwa akinong'ona. "Kuna mzee hapa pembeni yangu. Sikusimama popote. Anasema umemwandika."

"Usimtazame. Tazama barabara. Endesha, mwanangu."

Zerwal akaibonyeza redio tena. "Bassou, una ruhusa ya kuondoka."

"Bado."

Hata alipokuwa hai, Bassou hakuwa mtu wa kuaga mapema.

"Bassou. Nakuomba. Una ruhusa."

Aliendelea kutoa ruhusa ile kwa saa nzima, mpaka sauti ikamkauka.

Gari lilifika. Mama alijifungua salama. Tudert alishuka, akawaita wahudumu wa hema.

Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Ila mkanda ulikuwa umefungwa, umekaza kifuani pa mtu asiyekuwepo, na kitufe hakikufunguka. Walipoukata kwa kisu, kiti kilichokuwa kimebonyea kikainuka, polepole.