Roketi Ambayo Bibi Verna Hakuiona

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kelsey Broome alimpikia bibi yake uji, kisha akamsaidia kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Bibi Verna alikuwa ameshona mavazi ya wanaanga kwa miaka ishirini na sita. Tangu miguu yake ipooze, hakuwa ameona tena roketi yenye watu ikipaa.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri wanaanga wanne wanaondoka," alisema. "Utanipeleka mtoni tukaitazame roketi ikipaa, mjukuu wangu?"

"Nitakuamsha mwenyewe, Bibi. Naahidi!"

Alfajiri ilipofika, Brandi, rafiki yake, aligonga dirisha. Kaka yake Brandi alikuwa akisubiri garini.

"Fanya haraka, wewe! Na hicho kiti cha bibi yako hakiingii garini," Brandi alinong'ona.

Kelsey aliutazama mlango wa Bibi uliofungwa. Akatoka akinyata.

Kule mtoni, mwanga ulichomoza ng'ambo ya maji kama jua lililokosea saa. Mto wote ukawa rangi ya chungwa. Kisha ngurumo ikafika, ikawatetemesha vifua. Mzee mmoja alivua kofia yake akasema, "Mungu awarudishe salama." Watu walishangilia, lakini Kelsey aligeuka kutazama njia ya nyumbani.

Aliporudi, alimkuta Bibi ameketi kitandani, amevaa sweta lake la kutokea. Viatu alikuwa amevaa kimoja tu. Cha pili kilimshinda.

"Wameahirisha, Bibi," Kelsey alisema upesi. "Upepo ulikuwa mkali."

"Ahaa. Basi ni upepo huo uliotikisa madirisha na kuangusha picha ya babu yako?"

Picha ilikuwa sakafuni. Kelsey aliinama akaiokota. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilikuacha, Bibi," alisema akilia. "Nilienda na kina Brandi. Halafu nikakudanganya. Nisamehe."

Bibi alivua kile kiatu kimoja.

"Kuniacha kumeniuma," alisema, "lakini roketi nyingine itapaa, na utanipeleka. Uongo ndio mbaya zaidi. Mimi siku hizi naiona dunia kwa macho yako, Kelsey. Ukinidanganya, umenipofusha. Sasa kaa hapa unieleze ulichokiona, na usiongeze chumvi."

Kelsey alijifuta machozi, akaketi, akaanza kueleza.