Injini Iliyozimwa Mteremkoni

Waithira alikuwa akikamua ng'ombe mumewe aliporudi kutoka Nyeri, kwenye mtihani wa leseni ya pikipiki. Ngatia aliegemeza pikipiki ukutani na kutupa helmeti kwenye nyasi.

"Wameniangusha tena!" alisema. "Mara ya pili! Afisa hata hakunitazama. Ati, 'Umeanguka. Mwingine!'"

"Kosa lilikuwa gani?"

"Kosa gani? Mimi naendesha kuliko wote waliokuwa pale. Huyo anataka hongo tu."

Chama cha maziwa kilikuwa kimemwahidi Ngatia, aliyesomea tiba ya mifugo, kazi ya kuzunguka mashambani kwa pikipiki akitibu ng'ombe. Alitakiwa kuleta leseni kabla ya mwezi kwisha. Asipoileta, kazi ingepewa mtu mwingine.

Jirani yao, Karambu, alisikia kelele. Alikuwa muuguzi, na kila wiki aliendesha pikipiki ya kliniki kwenda kuchanja watoto.

"Baba Wamae, afisa alikuomba hongo?" alimwuliza Ngatia.

"Hapana. Lakini namjua."

"Basi tuache hongo kwanza. Teremka mpaka darajani, nikuone."

Barabara ilikuwa na mteremko mkali. Ngatia alizima injini, pikipiki ikashuka kimya. Alikata kona bila kutazama nyuma. Alisimama kwa kuburuta chini gambuti zote mbili alizovaa.

Karambu alimfuata kwa miguu. "Mbona umezima injini?"

"Sista, hapa kwetu kila mtu huzima. Petroli ni ghali. Kaka yangu Theuri ndiye alinifundisha."

"Theuri alikufundisha kuokoa petroli. Kuendesha hakukufundisha."

"Usimtukane kaka yangu!"

"Simtukani. Nina hasira kama wewe. Nimewafunga bendeji wangapi kwa sababu ya mchezo huu? Ukizima injini, haikusaidii kupunguza mwendo. Breki zinafanya kazi peke yake. Zikipata moto sana, hazishiki."

Ngatia aliigeuza pikipiki kuelekea juu.

"Shuka na gia ya pili," Karambu aliendelea. "Tumia breki zote mbili, polepole. Miguu ikae mahali pake mpaka usimame. Halafu weka chini wa kushoto. Wa kulia ubaki kwenye breki. Na kabla ya kona, tazama kioo, toa ishara, kisha geuza kichwa uone nyuma ya bega."

"Sasa mbona afisa hakuniambia hata moja?"

"Hapo kasirika! Kujua kosa lako ni haki yako. Muulize."

Kwa wiki mbili Ngatia alijifunza upya. Waithira alisimama kwenye kona kila jioni.

"Hukutazama nyuma!" alimpigia kelele. "Rudia! Unataka kazi ama hutaki?"

Siku ya mtihani, mkokoteni wa viazi ulikatiza mbele ya Ngatia mteremkoni. Alikuwa kwenye gia ya pili. Alisimama bila kuyumba.

"Umepita," afisa alisema.

Ngatia hakuondoka. "Afande, mara ile nilianguka kwa kosa gani?"

Afisa alipekua karatasi. "Ulizima injini mteremkoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nilirudi nyumbani nikakuita mla hongo," Ngatia alisema. "Nilikukosea. Lakini na wewe ulinikosea. Mwambie mtu kosa lake, afande. Asipolijua, ataenda kuua watu nalo."

Afisa akamwita mzee mmoja aliyeanguka mtihani, aliyekuwa akiondoka kwa hasira. "Mzee, rudi. Nikueleze kosa lako."

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha, Ngatia alipeleka leseni chamani. Asubuhi hiyo hiyo alitumwa kwa mjane mmoja ng'ambo ya mto. Ng'ombe wake wa pekee alikuwa amevimba tumbo. Ngatia alimkuta ng'ombe bado amesimama, akamtibu. Kufikia jioni ng'ombe alikuwa anakula.