Niandikie kwa Maneno Yako

"Kalamu zisisimame," mwalimu alisema. "Andikeni kuhusu mtu mnayempenda. Ukikosa neno, lizunguke, uendelee."

Darasa letu la lugha ya kigeni lilikuwa juu ya duka la rangi, na jua la jioni lilikuwa limejilaza sakafuni. Mimi ni nesi, nilishapata kazi ng'ambo. Mpenzi wangu, fundi friji, alitakiwa afaulu mtihani wa lugha ndipo tuondoke pamoja. Sikuwa na wasiwasi. Meseji alizonitumia kwa lugha ile zilinifanya nielee wodini: "Usipokuwepo, asubuhi yangu ni yatima."

Alikuwa amekaa kando yangu, nikachungulia karatasi yake. Mstari mmoja na nusu, umefutwafutwa.

Tuliposhuka ngazi nikamuuliza, "Zile meseji huwa anaandika nani?"

Akajikuna shingo. "Simu. Naiambia nakupenda, yenyewe inapamba."

"Kwa hiyo muda wote huu nimetongozwa na simu?"

"Mapenzi ni yangu. Maneno ndiyo ya kuazima."

"Na mtihani je? Utaazima kwa nani?"

"Niliona aibu, mpenzi. Wewe unaandika kama bomba limefunguliwa. Mimi nadondosha tone moja moja."

Nikamwacha pale pale. Uongo uliniuma, lakini kilichonitoa machozi ni kujua kwamba naweza kuondoka peke yangu.

Niko kitandani, meseji ikaingia, kwa lugha ile:

"Mimi penda nesi. Nesi enda mbali. Mimi friji hakuna umeme. Ndani joto, kila kitu haribika."

Hakuna simu duniani ingekosea hivyo. Nikacheka huku nalia, nikampigia.

"Umeifuta mara ngapi?"

"Sijafuta. Nimeiandika tu ikatoka."

"Basi niandikie hivyo hivyo kila siku."

"Na nikifeli?"

"Nitatangulia. Utanikuta."

Alifeli kweli. Nikapanda ndege peke yangu, roho imekaa upande. Huku ugenini nikawa naamka na meseji zake, kila wiki zinarefuka, kila wiki makosa yanapungua, mpaka ikaja ile ya kwamba amerudia mtihani na amefaulu.

Leo nilisimama uwanja wa ndege kwenye mlango wa wanaofika. Akatokea anasukuma toroli, akanisogelea, akaniuliza kwa lugha ya wenyeji, taratibu, neno kwa neno:

"Utakubali niwe mume wako?"

Nikamjibu ndiyo kwa lugha ya nyumbani, maana ile ya ugenini ilikuwa imenitoka yote kichwani.