Mkebe Uliotolewa Shimoni

Kila siku baada ya shule, Edith alivua sare, akachukua karai na kuteremka mtoni kumsaidia mama kuchekecha mchanga wa dhahabu. Kaka yake Bonface hakuwa na subira ya mchanga. Yeye alipenda kuingia katika mashimo ya zamani ya mgodi wa Macalder, yale yaliyozibwa kwa mbao na kupigwa marufuku.

Jumamosi moja alitoka huko na mkebe wa chuma, mzito ajabu, wenye alama ya manjano iliyochujuka ubavuni.

"Hii ni risasi tupu, ile metali nzito," alisema. "Wavuvi wa Karungu wataitaka ya kuzamishia nyavu. Lakini usimwambie mama nilikoitoa. Akijua, nimekwisha."

Edith akaahidi. Bonface akaupasua mkebe kwa nyundo. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kinachong'aa, kidogo kama ncha ya kidole. Alikigeuzageuza kiganjani, kisha akakificha chini ya kitanda alicholalia na mdogo wao, Bravin.

Jioni hiyo Bonface alitapika. Baadaye kiganja kilimvimba, kikawa chekundu, na ngozi ikaanza kubambuka. Bravin naye alipoanza kutapika, mama aliwapeleka wote hospitali ya misheni, Edith akifuatana nao.

"Umeshika nini, kijana?" Daktari Ratemo aliuliza.

"Nilimwagikiwa na maji moto, daktari."

"Na huyu mtoto, naye ni maji moto?"

Bonface akainamisha kichwa. Edith alikuwa ameahidi, lakini Bravin alilegea kifuani mwa mama, hata kulia hawezi.

"Ni chuma alichokitoa shimoni," akasema. "Kiko chini ya kitanda chao."

Bonface alimkazia macho ya hasira. Daktari aliinuka ghafla. "Mtu yeyote asikanyage nyumba hiyo!"

Wataalamu wa mionzi walikuja kutoka Nairobi, wakakiokota kile kipande kwa koleo ndefu na kukifungia katika sanduku zito. Bravin alipona polepole. Mkono wa kulia wa Bonface haukupona. Ulikatwa.

Siku hiyo Bi Helen, kiongozi wa wataalamu, alimkuta Edith akilia nje ya wodi.

"Kwa nini wenye chuma kile walikizika karibu na watu?" Edith aliuliza.

"Hawakukizika, binti yangu. Walikitupa. Taka za mionzi hufungwa ndani ya chuma kinene na saruji, zikateremshwa chini kabisa kwenye mwamba usiopitisha maji, na njia ikazibwa. Kisha watu huambiwa, ili hata wajukuu wasichimbe pale. Waliokitupa walinyamaza. Kaka yako akanyamaza."

"Na mimi pia nilinyamaza."

"Ndiyo, ulichelewa," Bi Helen alisema, akimshika bega. "Mionzi haionekani wala hainuki. Anayejua ilipo asiposema, wengine watajuaje? Siri ya namna hiyo usimtunzie mtu yeyote, hata umpende vipi. Ungezidi kunyamaza, leo mngekuwa mnamzika Bravin."