Mi ya Khalayi na Piano ya Maringo

— Simameni! Simameni wote! Khalayi, unashuka.

Kwaya nzima ikakatiza wimbo. Wanyoike alikuwa ameketi kwenye piano ya kanisa. Akagonga kitufe kimoja, akakigonga tena, kama askari wa kanjo anayebisha mlango asubuhi.

— Hii ndiyo mi, ya do-re-mi. Wewe umeimba chini yake.

— Nimeimba mi.

— Umeimba jirani yake.

Waimbaji wa teno wakacheka. Teno siku zote hucheka kwanza. Nami nilikuwa pale mstari wa mbele, mchumba wa huyo huyo aliyekuwa akinigongea kitufe mbele ya watu. Matangazo yetu ya ndoa yalikuwa yameshasomwa mara mbili. La tatu lilikuwa la Jumapili inayofuata, halafu harusi.

Hii ilikuwa mtaa wa Maringo, mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame na unga wa manjano wa msaada. Mimi nilikuwa nashona kola za mashati kiwandani Industrial Area. Wanyoike alifanya kazi duka moja la mjini, akitengeneza kodiani na kukaza nyuzi za piano za matajiri. Ndiyo maana alijiona ana masikio kuliko sisi.

— Mwalimu, nikamwambia Obura, kiongozi wetu wa kwaya, hebu huyu bwana afunge kifuniko tuimbe peke yetu.

Mwalimu Obura aliogopa ugomvi kuliko malaria.

— Wanyoike, ndugu yangu, funga kidogo tu.

Akafunga. Tukaimba. Tulipofika mwisho, besi wakakaa kwenye do, teno kwenye so, nami nikaweka mi yangu juu. Sauti zikaingiana zikatulia kama maji kwenye karai. Vioo vya dirisha vikavuma.

— Umesikia? Obura akauliza.

Wanyoike alisikia. Nilimwona shingo ikigeuka. Lakini kushindwa mbele ya teno ni jambo gumu kwa mwanaume.

— Basi mnakosea wote pamoja, akasema.

Mimi nilimzika mama nikiwa darasa la saba. Nimelelewa na shangazi kwenye chumba kimoja Shauri Moyo, nimelala njaa nikaamka nikitania. Kucheka nilijifunza mapema kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, kilio kisingetosha. Lakini siku hiyo kicheko kilinikataa.

— Wanyoike, kama unaamini mbao kuliko mimi, oa mbao.

Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Pasta, nikamwambia tangazo la tatu asilisome.

Nyumbani shangazi Nasike alikuwa anasonga ugali. Hakuinua kichwa.

— Umeacha mtu kwa sababu ya wimbo?

— Si wimbo, shangazi. Amesema ninakosea, na hakutaka hata kusikiliza. Leo ni mi, kesho ni chumvi, kesho kutwa ni vile ninavyolea watoto.

Mwiko ukasimama.

— Hapo sasa umesema, akanijibu. Kula kwanza. Hasira haisongi na tumbo tupu.

Siku mbili baadaye, kiwandani, msimamizi wetu Nyamai akaniita ofisini kwa sauti iliyoshinda mashine.

— Khalayi! Kuna mtu kwenye simu, analia au anaimba, sijui. Dakika moja. Hiyo ni simu ya kampuni!

Nikaichukua.

— Haloo?

— Khalayi, usikate. Niko dukani, niko karibu na piano. Sikiliza.

Akapiga do na mi pamoja. Nikasikia sauti ikitetemeka, wo-wo-wo, kama mtu anayeongea akiwa amepakiwa kwenye baiskeli, barabara ya mawe.

— Umesikia inavyotetemeka?

— Nimesikia. Hata Nyamai amesikia.

— Sasa ngoja nikaze... hapana, nilegeze uzi wa mi. Sikiliza.

Akapiga tena. Mtetemo ukapungua, ukapungua, ukaisha kabisa. Sauti mbili zikawa kama moja iliyoshiba.

— Hiyo ya pili ni yangu, nikasema.

— Ni yako. Piano zote duniani zinafunzwa mi ya juu kidogo, Khalayi. Mimi mwenyewe huzifunza hivyo kila siku, kwa mikono hii. So yake ni karibu safi, imepungua kidogo mno. Lakini mi imepandishwa. Mkono ulijua, sikio likasahau. Nisamehe.

Nyamai alikuwa ameacha kuangalia saa. Alikuwa ananiangalia mimi.

— Wanyoike, nikasema, uliniaibisha mbele ya watu wangapi?

— Kwaya nzima.

— Na msamaha unauomba kwenye simu?

Nikaiweka chini. Nyamai akasukuma kofia nyuma.

— Dada yangu, we ni mkali. Lakini umesema kweli. Rudi kwa kola.

Jumapili nilienda kanisani kwa sababu wimbo wa kwaya ulikuwa na sehemu yangu, na nyumba ya Mungu haikuwa ya Wanyoike. Alikuwa kwenye piano, macho mekundu, kola ya shati imegeuka. Hakunitazama.

Tukaanza. Do yetu ilikuwa kwenye kitufe cha G, kama kawaida. Nilijiandaa kwa vita. Nikapanda kwenye mi nikisubiri ile piano inisukume juu kama kondakta anavyosukuma abiria. Haikunisukuma. Ilikuwa imekaa pale pale nilipo, inanisubiri. Kila mahali nilipokanyaga, ilikuwa imeshatandika. Karibu nisahau maneno. Shangazi Nasike, kiti cha tatu, akafungua mkoba kutafuta leso.

Nikajiambia: huyu mtu amefanya nini?

Jibu lilikuja wakati wa sadaka.

Nyimbo za kitabu hupigwa na Phelister, binti wa Pasta, msichana mwenye adabu asiyepiga ila kilichoandikwa. Akaketi, akafungua ukurasa. Do ilikuwa A, hatua moja tu juu ya ile yetu. Akaweka vidole, akabonyeza.

Mungu wangu. Piano ikabweka! Mbwa wote wa Jericho na Jerusalem, mitaa jirani zetu, ni kama walikuwa wameingia ndani ya lile sanduku. Mama mmoja akamkumbatia mtoto. Mzee wa kanisa akaangusha sahani ya sadaka.

— Phelister! Pasta akaita. Mwanangu, ni nini hicho?

— Baba, nimepiga kilichoandikwa!

Akajaribu tena. Ikabweka vibaya zaidi.

Wanyoike akasimama. Akatembea hadi mbele, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja sufuria.

— Pasta, Phelister hana kosa. Piano nimeiharibu mimi jana.

Mzee wa kanisa akaacha kuokota sarafu.

— Mbele ya kwaya nilisema Khalayi anashuka. Nilisema uongo bila kujua. Mi yake ni safi kuliko ya piano. Kwa hivyo nilikaza nyuzi zote zifuate sauti yake, kwenye G. Lakini nyuzi zikiwa safi kabisa kwa G, lazima ziwe mbaya mahali pengine. Nilijua. Nilisali tu ibada yote iwe ya G.

Teno mmoja alicheka peke yake, halafu kanisa zima. Hata Pasta alifunika mdomo kwa Biblia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia na kucheka, vyote pamoja, pua ikitiririka, sina leso.

Pasta akasubiri watulie. Akatoa karatasi ya matangazo.

— Khalayi binti Wekulo. Tangazo hili nilisome, ama nisilisome?

Wanyoike akainua macho kwa mara ya kwanza.

— Lisome, Pasta, nikasema. Lakini kwanza atutengenezee piano.

Mchana huo Wanyoike alirudi na ufunguo wake wa kukazia nyuzi. Nami nikaketi karibu naye nikimshikia vipande vya kitambaa anavyobana kati ya nyuzi ili zisivume pamoja. Kanisa lilikuwa tupu. Kila alichokisafisha jana alikuwa anakiharibu tena, kidogo kidogo.

— Na hakuna njia ya kuwa na vyote? nikamuuliza. Mi yangu, na nyimbo za Phelister pia?

— Watu wamejaribu. Sisi tunagawa ngazi moja, kutoka do hadi do, vipande kumi na viwili sawasawa. Kuna waliogawa kumi na tisa. Mi inapona, lakini so inaumia.

— Na zaidi?

— Thelathini na kimoja: mi inakaribia kabisa yako, so inalegea kidogo tu.

— Na zaidi ya hapo?

Akaacha kukaza. Macho yakawaka, yale yale yaliyonikamata siku ya kwanza.

— Hamsini na vitatu. Hapo mi na so zote zinasimama, sikio halina la kulaumu. Khalayi, naweza kukutengenezea! Kinanda cha vitufe hamsini na vitatu kwa kila ngazi!

— Mazee, na vidole utaagiza wapi? Na hicho kinanda kikianzia hapa Maringo, si kitaishia Jogoo Road?

Alicheka hadi ufunguo ukamtoka mkononi. Nikauokota, nikamrudishia.

— Acha hivi vipande kumi na viwili, nikamwambia. Kila wimbo uumie kidogo, ili watu wote waimbe. Mimi nitavumilia.

— Hapana, akasema. Wewe usivumilie. Ukifika kwenye mi yako, nitatoa mikono.

Tulifunga ndoa mwezi uliofuata. Ugali wa harusi ulikuwa wa manjano na nyama ilipigwa picha kuliko ilivyoliwa. Nyamai alikuja na kiwanda kizima, akadai ndiye mshenga kwa sababu ya simu ya kampuni. Tulipokwisha kuapishwa, bwana harusi akavuka na suti yake ya kuazima, akaketi kwenye piano, kwaya ikaanza.

Nikaimba nikiwa na shela. Tulipofika mwisho, besi wakashika do, teno so. Nikapanda. Wanyoike akatoa mikono, akaiweka magotini.

Vioo vikavuma. Shangazi Nasike akapiga kigelegele kilichokuwa chini kidogo ya mi, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia.

Namshukuru Mungu kwa piano ile, na kwa kubweka kwake. Mchwa waliimaliza zamani. Siku hizi kanisani kuna kinanda cha umeme. Wanyoike ana mvi, bado ndiye anayepiga, na bado nikikaribia mi yangu namwona, hata kabla sijavuta pumzi, mikono inainuka.