Kompyuta Haziuzwi

Kila alasiri Lamya akitoka shule humsalimu Bibi, hula wali uliobaki, huosha vyombo, kisha huingia chumba cha uani kufuta vumbi kompyuta mbili za mezani alizoziacha marehemu baba yake. Hakuna anayemtuma. Huziwasha, hufanya mazoezi ya kuchapa, kisha huzizima.

Jumatano moja alimkuta Ami Humaidi, mdogo wa baba yake, amesimama chumbani humo akizipiga picha kwa simu.

"Kuna mtu wa Igunga anazitaka," Ami alisema. "Jumamosi anakuja kuzichukua."

"Haziuzwi!"

"Lamya!"

"Haziuzwi, Ami. Mimi na mwenzangu Julieth tunataka kuzitumia kusomea sayansi mtandaoni. Mtihani wa darasa la saba huo unakuja."

"Mtandao upi? Mtandao uko dukani kwangu, huko mbele. Kompyuta hizi za zamani hazishiki mtandao bila waya, na waya utapita wapi? Ukuta huu bibi yako hataki hata msumari ugongwe."

Hapo alisema kweli. Nyumba yao hapo Tabora mjini ni ya enzi za misafara, kuta zake za udongo ni nene, na Bibi huzilinda kama mboni ya jicho.

"Na usije ukaugusa mtandao wangu," Ami aliongeza. "Wateja wa Goweko na Usoke huagiza vitambaa kwa simu. Ukikatika, nimekwisha."

Lamya si mtoto wa kuambiwa basi akasema basi. Darasani kwa Mwalimu Advera walijifunza kwamba ruta kuukuu, kile kifaa cha kusambaza mtandao, inaweza kupangwa upya ikawa daraja: inanasa mtandao hewani, kisha inaupitisha kwenye waya mfupi hadi kwenye kompyuta. Ruta kuukuu ilikuwemo kabatini. Neno la siri la mtandao wa dukani alilichungulia kwenye ruta ya huko, wakati Ami anampimia mteja kitambaa. Hilo halikuwa jambo zuri, na alilijua.

Kesho yake yeye na Julieth, rafiki yake wa darasani, waliipanga ruta na kuiunganisha kwa waya na kompyuta zote mbili. Ili Ami asiione, waliificha rafuni, nyuma ya masinia makubwa ya shaba ambayo Bibi huyatoa siku za harusi tu.

Ikagoma.

"Taa inawaka, inazimika," Julieth alisema. "Lamya, hii imekataa. Tumwambie ami yako yaishe."

"Nimwambie ili anicheke? Thubutu!"

Ijumaa walirudia. Walibadilisha waya, wakafuta mipangilio na kuanza upya. Wapi! Lamya alikaribia kulia kwa hasira. Alipouegemea ukuta, bega lake liligonga sinia, likalia. Akalitazama. Shaba! Mwalimu aliwaambia kuwa metali ya namna hiyo huyazuia mawimbi ya mtandao.

"Tumeizibia wenyewe," alisema. "Inatakiwa ikae dirishani, itazamane na mlango wa nyuma wa duka."

"Hapo ami yako ataiona hata akiwa na usingizi. Basi tuache."

"Siachi."

Aliihamishia dirishani. Taa ikatulia, na kompyuta zote mbili zikafungua somo. Julieth alipiga vigelegele. Lamya alifurahi mno, lakini hakukaa; heri Ami aambiwe na yeye kuliko aione mwenyewe. Alijitanda mtandio wake, akavuka ua hadi dukani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba."

"Neno lako la siri nimelichukua bila ruhusa, na mtandao wako nimeutumia. Hapo nimekosa, niadhibu. Lakini kompyuta za baba haziuzwi. Njoo uone kwa nini."

Ami alifura. Alitoka na futi yake ya mbao mkononi, Lamya mbele. Chumbani walimkuta Julieth akisikiliza somo la mapafu, na Bibi amevuta kigoda naye anasikiliza. Ami alitazama simu yake. Oda za Usoke zilikuwa zinaingia kama kawaida. Akaiweka futi mezani.

"Adhabu ipo pale pale," hatimaye alisema. "Utafagia duka wiki nzima. Neno la siri nalibadilisha leo, na jipya nitaliingiza kwenye ruta yenu kwa mkono wangu. Mtasoma baada ya swala ya alasiri, wateja wakipungua."

Kisha akampigia yule mtu wa Igunga, akamwambia atafute kompyuta kwingine.

Lamya alitabasamu. Bibi akamshika mkono.

"Usijione umeshinda yote," alimwambia. "Kukataa si dhambi. Mimi nimekataa mengi, ndiyo maana nyumba hii bado imesimama. Lakini kataa mbele ya watu, mjukuu wangu. Ukijificha, hata haki yako itaonekana wizi."